Kabla Hujasaini: Maneno ya Kiingereza Yanayochanganya Wengi

Mwulize mwalimu yeyote wa Kiingereza, Tanzania au Kenya, ni kosa gani linalomchosha kulisahihisha. Hatakawia kutaja "borrow" na "lend". Mwanafunzi anataka kalamu ya jirani yake, anamwambia "borrow me a pen", darasa linaangua kicheko. Kosa hilo lina asili yake. Kitenzi chetu kuazima hufanya kazi pande zote mbili: ninaazima kitabu kwako, nawe unaniazima kitabu. Kiingereza kimeligawa tendo hilo hilo kati ya watu wawili: anayepokea "borrows", anayetoa "lends".

Darasani ni kichekesho. Kwenye mkataba wa mkopo, mahali palipoandikwa wajibu wa "borrower" na haki za "lender", anayezichanganya anaweza kutia saini akidhani kifungu fulani kinamlinda yeye, kumbe kinamlinda aliyemkopesha.

Makala haya ni kwa ajili ya mtu anayelazimika kusoma Kiingereza kwa sababu maisha yamemlazimisha: mkataba wa nyumba, barua ya ajira, majibu ya hospitali, fomu ya uhamiaji. Sitagusa maneno mazito. Maneno mazito yana heri yake, kwani ukikutana nayo unashtuka na kuuliza. Yanayoumiza ni mepesi, yale ambayo kila mtu aliyefika kidato cha pili anaamini anayajua.

Nani anatoa, nani anapokea

Kiswahili huonyesha mwelekeo wa tendo kwa kulinyambua neno. Kukopa na kukopesha, kupanga na kupangisha, kukodi na kukodisha, kuajiri na kuajiriwa: ukisikia mwisho wa neno, umeshajua nani yuko upande gani. Kiingereza hakina utaratibu mmoja. Pengine kina maneno mawili yasiyofanana hata kidogo, kama "teach" kwa anayefundisha na "learn" kwa anayejifunza. Pengine kina neno moja tu kwa wote wawili, na hapo ndipo mambo yanapokuwa mabaya zaidi.

Chukua "rent". Mtu akisema "I rent a house in Tabata", huwezi kujua kwa sentensi hiyo pekee kama ni mpangaji au ni mwenye nyumba. Waingereza hujisaidia kwa neno "let", ndiyo maana vibao vya "To Let" huwekwa na wenye nyumba wanaotafuta wapangaji. Kwa uwazi, Kiswahili kimekishinda Kiingereza hapa, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ya chini. Kwa hiyo ukiandika mkataba au barua kwa Kiingereza, usitegemee kitenzi "rent" kieleze nani ni nani. Andika "landlord" kwa mwenye nyumba na "tenant" kwa mpangaji.

Mikataba iliyoandikwa na mawakili hupenda jozi nyingine: "lessor" na "lessee", "employer" na "employee", "mortgagor" na "mortgagee". Kanuni yake ni nyepesi. Mwisho wa "-or" au "-er" ni mtenda, na mwisho wa "-ee" ni mtendwa au mpokeaji, kama ile -w- yetu kwenye mwajiriwa. "Lessor" anapangisha, "lessee" anapangishiwa.

Sasa angalia jozi ya rehani, maana hapo wengi huanguka. Umekwenda benki, umekopa, umeweka nyumba yako rehani. Wewe ni nani kwenye karatasi? Akili ya haraka inasema benki ndiyo iliyotoa, kwa hiyo benki ni "mortgagor". Sivyo. Kilichotolewa kwenye rehani ni nyumba, na aliyeitoa ni wewe. Wewe mweka rehani ndiwe "mortgagor". Benki, mpokea rehani, ni "mortgagee". Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inayatumia maneno hayo. Kenya, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inatumia "chargor" na "chargee", lakini mpangilio ni ule ule. Ukikuta kifungu kinachosema "mortgagee" anaweza kuuza mali baada ya notisi, usidhani umepewa ruhusa ya kuuza nyumba yako. Aliyepewa ni benki.

"Creditor" ni mdai na "debtor" ni mdaiwa. Kwenye taarifa ya akaunti yako, "credit" ni fedha iliyoingia na "debit" ni iliyotoka. Lakini duka likikuuzia kitu "on credit", limekukopesha. Neno moja, raha mara ya kwanza, deni mara ya pili.

Riba na kodi

Kuna maneno mawili ambayo mkopaji akiyaelewa anaokoa fedha siku hiyo hiyo: "flat" na "reducing balance". Yote mawili hufuatana na asilimia, na asilimia ikifanana watu hudhani mikopo inafanana.

Tuseme unakopa shilingi 1,200,000 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 24 kwa mwaka. Kwa riba ya "flat", asilimia hiyo hukokotolewa juu ya mkopo wote tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, hata kama umeshalipa nusu. Riba yako ni shilingi 288,000. Kwa "reducing balance", riba hukokotolewa juu ya salio lililobaki. Ukirejesha shilingi 100,000 za mkopo kila mwezi, mwezi wa kwanza riba ni 24,000, wa pili 22,000, hivyo hivyo hadi mwezi wa mwisho ambapo ni 2,000 tu. Jumla ni shilingi 156,000. Tofauti ni shilingi 132,000, na kwenye tangazo pote pameandikwa asilimia 24. Swali la kumwuliza afisa mikopo, basi, lisiwe "riba yenu ni asilimia ngapi" peke yake. Mwulize pia: mpaka nimalize, nitakuwa nimewarudishia shilingi ngapi kwa jumla?

Neno kodi nalo lina kesi yake. Sisi tunalipa kodi ya nyumba kwa mwenye nyumba na kodi ya mapato kwa serikali. Kiingereza hakikubali mchanganyiko huo: ya mwenye nyumba ni "rent", ya serikali ni "tax". Kwenye mikataba ya pango utakuta "rent" na "property tax" zimetajwa kwenye mistari inayofuatana. Ya pili ni kodi ya majengo, ambayo Tanzania tangu 2021 hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Mpangaji anayenunua umeme ndiye anayekatwa, ingawa kodi ni ya mmiliki. Hakikisha mkataba unasema nani ataibeba na, kama ni mwenye nyumba, utarudishiwa vipi.

Anayenunua ardhi Kenya atakutana na "freehold" na "leasehold". Ya kwanza ni umiliki usio na kikomo cha muda. Ya pili ina miaka yake, ikiisha inabidi uombe upya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu mtu asiye raia kumiliki kwa "leasehold" pekee, tena isiyozidi miaka 99. Tanzania Bara hakuna "freehold": ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake, na hati anayopewa mtu huitwa "right of occupancy", yaani haki ya kukaa na kutumia. Dalali anayekutangazia "freehold" Dar es Salaam ama hajui anachokisema ama anakijua vizuri sana.

Kwa wenye magari: "comprehensive" ndiyo bima kubwa, "third party" ndiyo bima ndogo. Mtu wa tatu ni nani? Wa kwanza ni wewe, wa pili ni kampuni ya bima, wa tatu ni yule uliyemgonga. Kwa bima ndogo yeye analipwa, na bampa lako unatengeneza mwenyewe.

Mpaka lini?

Mpaka yetu hubeba "by" na "until". Tangazo la kazi likisema maombi yafike "by 30 June", maana yake siku yoyote kabla au tarehe 30 yenyewe, mradi yawe yamefika. Likisema ofisi itapokea maombi "until 30 June", maana yake mlango uko wazi mfululizo hadi siku hiyo. Mwombaji hapotezi kitu akichanganya hayo mawili. Anayepoteza ni mwajiriwa anayemwandikia bosi "I will finish the report until Friday". Bosi hasomi kwamba ripoti itakuwa tayari Ijumaa. Anasoma kitu kisichoeleweka kuhusu kumalizamaliza hadi Ijumaa. Kazi ya kukabidhiwa siku fulani ni "by". Hali inayoendelea hadi siku fulani ni "until". "Before 30 June" ni tofauti tena: tarehe 30 haimo, mwisho ni 29.

Angalia pia "days" na "working days". Siku 14 ni wiki mbili. Siku 14 za kazi, kwa ofisi inayofungwa Jumamosi na Jumapili, ni karibu wiki tatu. Ama neno "biweekly", Waingereza wenyewe wanagombana nalo: mara mbili kwa wiki au mara moja kila wiki mbili, kamusi zinakubali yote mawili. Likiwa kwenye mkataba wa mshahara wako, omba liondolewe na paandikwe tarehe.

Halafu kuna saa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuambiwa kwamba "7 a.m." ni saa moja asubuhi, lakini "12 a.m." na "12 p.m." zimewafanya wasafiri wengi wakose ndege. "12 p.m." ni saa sita mchana. "12 a.m." ni saa sita usiku, na tarehe ya Kizungu hubadilika hapo hapo. Tiketi iliyoandikwa 12:30 a.m. tarehe 5 ni ya usiku wa kuamkia tarehe 5. Unatoka nyumbani jioni ya tarehe 4. Ukienda uwanjani jioni ya tarehe 5, ndege imeshaondoka karibu siku nzima.

Lazima, ruhusa na ushauri

"Shall", "may" na "should" ni vineno vidogo vinavyobeba mkataba mzima. "The employer shall pay" ina maana mwajiri ni lazima alipe. "The employer may pay" ina maana anaweza kulipa akitaka, na asipotaka huna kesi. "Should" kwenye miongozo ni ushauri wa kufuatwa, wenye nguvu kuliko "may", lakini hauna ulazima wa "shall". Barua ya ajira ikisema "a bonus may be paid in December", usianze kuipangia ada ya watoto.

Katika mambo ya uhamiaji tofauti hii hugusa maisha ya watu wengi wa kwetu. Wakongomani wengi wanaozungumza Kiswahili wamepelekwa Marekani kutoka kambi kama Nyarugusu mkoani Kigoma na Kakuma kaskazini mwa Kenya. Hao ni "refugees": hali yao ya ukimbizi ilikubaliwa kabla hawajapanda ndege. "Asylum seeker" ni mtu aliyefika kwanza kisha akaomba hifadhi, na ombi lake bado halijaamuliwa. Akikubaliwa, kwa Marekani huitwa "asylee". Kwa sheria ya nchi hiyo, "refugee" akitimiza mwaka mmoja anatakiwa kuomba ukaazi wa kudumu, na "asylee" anaruhusiwa kuomba. Sisi tunawaita wote wakimbizi, na mtaani hakuna ubaya. Kwenye fomu, kuweka alama kwenye kisanduku kisicho chako ni kutoa maelezo yasiyo ya kweli kwa serikali.

Usalama wa aina mbili

Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi na Idara ya Usalama wa Taifa zote zina neno usalama. Kwa Kiingereza hazikutani: ya kwanza ni "safety", ya pili ni "security". "Safety" ni kinga dhidi ya ajali, yaani moto, ngazi inayoteleza, kemikali, mashine isiyo na kifuniko. "Security" ni kinga dhidi ya mtu mwenye nia mbaya. Tangazo la "Safety Officer" kiwandani halimtafuti mlinzi wa getini, hata awe na uzoefu wa miaka mingi wa lindo, na aliyesomea usalama wa mahali pa kazi asiombe nafasi ya "Security Officer" akidhani ni jina jingine la fani yake.

Ufanisi nao umebeba mawili. "Effective" ni kufikia lengo. "Efficient" ni kulifikia bila kupoteza muda, fedha wala nguvu. Ukimwita fundi kutoka Mwanza aje Dar es Salaam kubadilisha balbu moja, taa itawaka: hiyo ni "effective". "Efficient" haimo kabisa. Ukiulizwa kwenye usaili ueleze moja, usijibu kuhusu nyingine.

Na kwa wanaofanya kazi karibu na malori ya mafuta au mitungi ya gesi: "flammable" na "inflammable" ni kitu kimoja, yaani kinashika moto. Ile "in-" haikanushi. Marekani, chama cha kinga ya moto cha NFPA kilianza miaka ya 1920 kuhimiza "flammable" itumike peke yake, kwa sababu watu walikuwa wakisoma "inflammable" kama kitu kisichowaka. Kisichowaka ni "non-flammable". Ukiona moja ya hizo mbili za kwanza kwenye tangi, zima sigara.

Majibu ya hospitali

Hapa ningependa msomaji asome polepole.

"Positive" haimaanishi habari njema. Maana yake ni kwamba kilichokuwa kinatafutwa kimeonekana. Kipimo cha malaria kikiwa "positive", una malaria. "Negative" ni kwamba hakikuonekana. Kama kilichotafutwa ni ujauzito ulioungoja kwa miaka, basi "positive" ni sherehe, lakini sherehe hiyo inatoka kwako. Neno lenyewe halina furaha wala huzuni.

"Chronic" na "acute" watu huzitafsiri zote kama kali. "Chronic" ni ugonjwa wa muda mrefu, sugu. "Acute" ni uliozuka ghafla, na mara nyingi ni wa muda mfupi. Mtu anaweza kuishi miongo mingi na shinikizo la damu ambalo ni "chronic", akila dawa zake na kwenda shamba. "Acute appendicitis", kidole tumbo kilichovimba ghafla, inaweza kumpeleka chumba cha upasuaji siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kati ya hayo mawili, "acute" ndilo linaloweza kukutaka uharakishe.

Kuambukiza kuna "infectious" na "contagious". Ugonjwa wowote unaoletwa na vimelea, bakteria au virusi ni "infectious". Unaohama kutoka mtu hadi mtu kwa kukaribiana ndio "contagious". Malaria ni "infectious" lakini si "contagious": mgonjwa wa malaria huna haja ya kumkwepa mezani, inabidi umkwepe mbu aina ya Anopheles. Kifua kikuu cha mapafu ni vyote viwili, kwani husafiri hewani mgonjwa anapokohoa. Familia nyingi zimemtenga mgonjwa asiyestahili kutengwa kwa kutojua tofauti hii.

Uvimbe ukipimwa, jibu "benign" ni kwamba si saratani, na "malignant" ni kwamba ni saratani. Usikubali kuondoka na karatasi yenye moja ya maneno hayo bila daktari kukueleza kwa Kiswahili, ana kwa ana. Ni haki yako kuelewa mwili wako kwa lugha unayoota nayo ndoto.

Kiingereza cha London na cha Chicago

Kamusi ikikupa maana moja na mtu akikupa nyingine, pengine wote wawili wako sawa. "Public school" Kenya na Marekani ni shule ya serikali. Uingereza, hasa England, ni shule ya binafsi ya kale yenye ada kubwa. "First floor" kwetu na Uingereza ni ghorofa ya kwanza, unapanda ngazi kuifikia. Marekani ni chini kabisa, unapoingilia. "To table a report" kwenye Bunge la Nairobi ni kuiwasilisha mezani ijadiliwe. Kwenye mkutano wa Wamarekani, "to table" ni kuiweka kando. Anayehudhuria mikutano ya mashirika yenye wafadhili wa pande zote mbili aulize kabla ya kupiga kura.

Kwa kamusi, Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili iliyotolewa na TUKI mwaka 1996 ni pa kuanzia, lakini ukishapata neno la Kiswahili usiishie hapo. Fungua na kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza, kama ile iliyoanzishwa na A. S. Hornby na kuchapishwa na Oxford, usome sentensi za mfano. Sentensi ndiyo inayoonyesha nani anatoa na nani anapokea.

Na ukiwa mbele ya karatasi inayotaka saini yako, una haki ya kuomba muda. Omba nakala uende nayo nyumbani. Mpigie simu ndugu, mwalimu au wakili, mpitie neno kwa neno. Tanzania, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Kenya, Katiba inakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kuomba mkataba wako uelezwe kwa Kiswahili si kujidhalilisha. Anayekukatalia na kukuharakisha usaini papo hapo, mwachie kalamu yake uende zako.